Faibromayalgia, mbwa mmoja, paka wawili na msimu wa vimbunga: mnajipangaje?

PakaWawili:

Wakuu habarini za muda huu. Naomba mawazo hasa ya wale mnaoishi huku Marekani pwani ya Atlantiki au kule Ghuba ya Mexico. Nna faibromayalgia, nimekuja kuambiwa baada ya kuzungushwa sana na vipimo, mwili mzima unauma, nalala usiku kucha naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na kichwa kinashika ukungu yaani naingia jikoni nasimama katikati sijui nimefuata nini. Nyumbani kuna mbwa mkubwa wa kilo 30 na paka wawili, mmoja mpole, mwingine hashikiki kabisa. Mume wangu ni dereva wa lori safari ndefu kwaiyo kikinuka mara nyingi niko mwenyewe.

Sasa msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, na kila maelekezo nayoyakuta ya kuandaa wanyama ni kama yameandikwa na mtu ambae hajawahi kuumwa hata mafua. Beba maji, nyanyua kreti za kubebea wanyama, pakia gari, ziba madirisha, yote jana. Mimi siku moja ya hivo nailipia kitandani siku kadhaa. Alafu kuna hili, hewa ikishaanza kubadilika kabla kimbunga hakijafika na mwili nao unawaka, sijui ni hali ya hewa kweli au ni mawazo na kukosa usingizi, ila matokeo ni kwamba siku nayohitaji nguvu ndo siku sina. Nyie wenye hali kama yangu mnafanyaje, na hao wanyama mnawaandaaje bila kuua mwili? Na kama kuna mtu anajua mambo ya shelta, zile sehemu watu wanakokimbilia wakati wa maafa, kupokea mbwa anielekeze pia.

Mzee_wa_Ghuba:

Pole sana dada. Mi niko upande wa Ghuba muda mrefu, nitaongelea kimbunga, hayo ya ugonjwa waje wenyewe.

La kwanza usisubiri onyo. Watabiri wanatoa tangazo la tahadhari kama saa 48 kabla ya upepo wa nguvu ya dhoruba kutarajiwa kufika, onyo lenyewe linatoka kama saa 36 kabla. Ukizisoma hizo saa unaona nyingi, ila zikishaanza kuhesabika barabara inajaa, mafuta yanakatika vituoni, na hoteli zinazokubali mbwa zinajaa kabla ya zingine. Mtu mwenye afya anaweza kucheza na hizo saa 36. Wewe uamuzi wako unatakiwa uwe kwenye zile siku kimbunga bado kiko mbali baharini, wanachora ile koni kwenye ramani ya wapi kinaweza kupita na majirani wanasema kitapinda. Kikipinda kweli umepoteza nini, umetembea tu na mbwa wako umerudi.

La pili, hiyo namba 1 mpaka 5 ya ukali wa kimbunga wanayotangaza ni ya upepo peke yake, kuanzia kilomita 119 kwa saa kwa namba 1. Haikuambii chochote kuhusu maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu, na maji ndo yanamaliza watu. Kwaiyo jua nyumba yako iko kanda gani ya kuhamishwa, hiyo inapatikana kwenye ofisi ya maafa ya kaunti yako. Kama haupo kwenye kanda ya kuhama na nyumba ni imara, kubaki ndani na wanyama kwenye chumba cha katikati kisicho na dirisha inaweza kuwa ndo nafuu kwako.

Kuhusu shelta. Kimbunga Katrina 2005 kuna watu waligoma kuondoka sababu waliambiwa mbwa na paka hawapandi, na kuna waliofia humo humo. Ndo maana 2006 ikapita sheria ya nchi nzima inayotaka mipango ya maafa ya majimbo na serikali za mitaa iwahesabu na watu wenye wanyama. Ila sikia dada, hiyo haina maana kwamba ukifika mlango wowote na mbwa wako unafunguliwa. Kuna shelta zinachukua wanyama, kuna ambazo hazichukui, kuna ambazo wanyama wanakaa jengo la pembeni na wewe ndo unaenda kuwalisha na kuwasafisha. Piga simu saa hizi msimu haujachanganya. Na waulize kitu kingine, sehemu nyingi zina daftari la watu wenye mahitaji maalum ya kiafya, unajiandikisha kabla. Uliza kama hali yako inakubalika na kama shelta hiyo ya wagonjwa inapokea na mbwa, maana hayo ni maswali mawili tofauti na usikubali kujibiwa moja.

Kamanda_Msema_Kweli:

Sasa jamani hiyo faibro si ndo ile vipimo vyote vinatoka safi? Mi naona ni stresi tu za huku ughaibuni, fanya mazoezi dada utapona. Na mbwa ni mbwa, mfungulie mlango atajua pa kwenda, wanyama wana akili zao wanakimbia wenyewe.

Nesi_Tatu:

Kamanda umeniamsha. Nitajibu kwa faida ya wengine.

Vipimo vinatoka safi kwa sababu havipimi kile kilichoharibika. Kwenye faibromayalgia misuli na viungo haviliwi kama kwenye baridi yabisi, tatizo liko kwenye namna ubongo na uti wa mgongo unavyopokea taarifa ya maumivu, ni redio ambayo sauti imefunguliwa mpaka mwisho, kitu kidogo tu kinapiga kelele. Damu tunapima ili kutoa magonjwa mengine yanayofanana nayo, tezi ya shingo, upungufu wa damu, baridi yabisi yenyewe. Zamani, vigezo vya 1990, daktari alikuwa anabonyeza sehemu 18 za mwili na ukiumia 11 unahesabiwa unao. Tangu 2010 vigezo vimebadilishwa, wanaangalia maumivu yamesambaa kiasi gani, uchovu, usingizi, huo ukungu wa kichwa, na hali iwe imekaa angalau miezi 3. Kwaiyo ni ugonjwa, una vigezo, na "ni stresi tu" sio kigezo.

Ila kwenye mazoezi Kamanda amegusa ukweli bila kujua. EULAR, ile jumuiya ya Ulaya ya wataalam wa magonjwa ya viungo, walivyopitia upya ushahidi wote 2016 kitu pekee walichokipa pendekezo la nguvu ni mazoezi. Sio ya kukimbia kama unafukuzwa, ni kutembea, kuogelea maji ya vuguvugu, taichi, unaanza chini kuliko unavyodhani unaweza alafu unapandisha taratibu sana. Na hayatibu yakaisha, yanapunguza.

Dawa PakaWawili najua unazijua ila niseme kitu cha kimbunga. Pregabalini, duloksetini, milnasiprani, ni kati ya zile ambazo mamlaka ya dawa ya Marekani imezipitisha kwa ugonjwa huu, wengine wanapewa amitriptilini dozi ndogo usiku. Hizi hazikatishwi ghafla. Ukiacha duloksetini au pregabalini kwa mkupuo unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, wasiwasi, na hapo uko kwenye shelta na mbwa na watu mia. Famasia zinafunga kabla ya kimbunga na baada yake zinachelewa kufungua. Na pregabalini inadhibitiwa kisheria kwaiyo haujazi tu unavyotaka, ongea na daktari wako mapema kuhusu kuwa na akiba, muulize wazi "kimbunga kikija nifanyeje nisikatike dawa". Tembea na chupa zenye lebo, na karatasi imeandikwa majina, dozi na namba ya daktari, usitegemee kichwa. Ukungu ukishika utasahau hata tarehe yako ya kuzaliwa.

Kuhusu hali ya hewa, tafiti hazijakubaliana, nyingine hazijaona uhusiano, nyingine zimeona kidogo kwa baadhi ya watu. Mi nawaambia wagonjwa isikusumbue kujua ni presha ya hewa au ya moyo. Kukosa usingizi na wasiwasi vinajulikana kuwasha maumivu na kimbunga kinaleta vyote. We panga ukijua siku hizo utakuwa nusu ya mtu, basi.

PakaWawili:

Nesi Mungu akubariki, nimeandika yote pembeni. Kamanda asante kwa ushauri, ukija kwangu nitakufungulia mlango wakati wa kimbunga tuone kama utajua pa kwenda 😂

Sasa swali la aibu kidogo. Mbwa wangu radi zikianza anatetemeka anajigonga kwenye milango. Mi nna pregabalini hapo, na nimesoma kwamba vet, yaani madaktari wa wanyama, wanawapa mbwa gabapentini ambayo ni ndugu yake. Siwezi kumkatia kipande?

Vet_wa_Zamani:

USIMPE. Nimeingia kwenye uzi kwa ajili ya hili tu ila nitakaa kidogo.

Ni kweli gabapentini tunaitumia kwa paka, na mbwa wenye hofu kuna dawa kama trazodoni, lakini dozi inatokana na uzito, figo, na dawa nyingine anazotumia. Na gabapentini ya maji ya binadamu mara nyingi ina zailitoli, ile sukari isiyo sukari, mbwa ikimuingia sukari yake ya damu inashuka vibaya na ini linaweza kufa. Nenda kwa vet wako sasa hivi, mwambie mbwa anaogopa radi na unaweza kuhama naye kwa gari, akuandikie. Alafu mjaribu dozi hiyo siku ya kawaida ukiwa nyumbani umetulia uone inamfanyaje, kuna wanyama dawa ya kutuliza inawapandisha badala ya kuwashusha, hutaki kulijua hilo uko barabarani kwenye foleni.

Na kwa vile wewe ni mtu wa dawa nyingi, chunga sana begi lako. Nyumbani dawa zinakaa kabatini juu, siku ya kuhama zinakaa kwenye pochi kwenye siti, na mbwa mwenye wasiwasi anatafuna. Duloksetini ni hatari kwao, ibuprofeni inaharibu figo na tumbo la mbwa na paka, na parasetamo inaua paka, kidonge kimoja tu kinatosha. Weka dawa zako kwenye kopo gumu lenye kifuniko cha kusokota, ndani ya begi la zipu, sio mfuko wa nailoni.

Chipu wanazo, ile ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi? Kuwekewa chipu peke yake haitoshi, ile ni namba tu, tarakimu 15 mara nyingi, ikisomwa inaenda kwenye daftari la kampuni na huko ndo kuna simu yako. Kama ulibadili namba ya simu ukahama nyumba na hukusasisha, chipu inasema mbwa ni wa mtu asiyepatikana. Fanya hiyo kazi leo ukiwa umelala kitandani na simu, haitaki mgongo. Weka na namba ya mumeo au mtu wa mji mwingine, kimbunga kikipita mtandao wa eneo lako unaweza kuwa umekufa. Na piga picha wewe ukiwa na kila mnyama, picha inayoonyesha sura yako na alama zake, maana baada ya kimbunga kuthibitisha kwamba paka mweusi ni wako ni kesi. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kipige picha pia na nakala ya karatasi iwe kwenye mfuko usioingia maji, shelta na hoteli za wanyama wanaziomba.

Na Kamanda, mbwa aliyefunguliwa anakimbilia anakokujua, akikuta maji anaogelea mpaka anachoka. Wa kufungwa kamba nje ndo mbaya zaidi, anazama akiwa palepale.

Zuhura_K:

PakaWawili shoga yangu mimi ni mwenzio, faibro na paka watatu. Hayo ya vet na nesi ni dhahabu, mi nikupe ya mikono na mgongo.

Maji kwanza sababu ndo yanavunja watu. Mbwa wa kilo 30 anakunywa kama lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, ukitaka ya wiki ni lita 14 huko, yaani kilo 14, na hapo bado paka na bado wewe mwenyewe. Usinunue madumu makubwa hata kama ni rahisi. Chukua chupa za lita moja, kila ukienda dukani mbili tatu, unazipanga chini karibu na mlango wa gereji, huko huko zitakakopakiwa. Chakula hivohivo, gunia la mbwa huwezi kulibeba kimbunga kinakuja, ligawe taratibu kwenye mifuko ya zipu ya siku moja moja, kaa kwenye kiti meza mbele yako, fanya mifuko mitatu, acha, nenda kalale. Unaacha kabla haijauma, hiyo ndo siri, ukisubiri iume umeshachelewa. Mi kwenye jokofu nimebandika karatasi ya kazi na kila kazi nimeandika ni ya mikono, ya mgongo au ya kichwa, siku mgongo umekufa nachukua ya kichwa, kupiga simu na kuskani makaratasi.

Sasa huyo paka asiyeshikika. Kreti zao zitoe stoo LEO, ziweke sebuleni milango wazi, taulo lenye harufu yako ndani, na chakula chao kianze kukaa mlangoni kwenye kreti, kesho ndani kidogo, wiki ijayo mwisho kabisa. Baada ya muda utamkuta amelala humo mchana kama ndo kwake. Nunua kreti inayofunguka kwa juu, maana ya mlango wa mbele peke yake inabidi uinamishe mgongo na umsukume kwa mikono miwili na paka anaweka miguu minne kwenye kona zote nne za mlango, unaijua hiyo picha. Ya juu unamshusha makalio kwanza amefungwa kwenye taulo. Na kabla kimbunga hakijakaribia, yaani ile siku unaamua tu kwamba labda utaondoka, wafungie paka wote chumba kimoja kidogo, bafu ni bora, hakuna kitanda cha kujificha chini. Mi godoro langu nimeliweka chini kabisa halina uvungu, kuinamia uvungu na ufagio huku nyonga inawaka nimekataa.

Mbwa mvalishe mkanda wa kifuani wenye pete mbele kifuani, sio kola ya shingo peke yake, akivuta anajigeuza mwenyewe badala ya kukuchomoa bega. Kola iwepo yenye kibao cha jina na simu. Kuingia garini kuna ngazi za kukunja za mbwa, mfundishe sasa kwa biskuti, kilo 30 hainyanyuliwi na mtu mwenye faibro hata kwa sala.

Kingine ambacho hakisemwi, tafuta mtu. Jirani mmoja mwenye ufunguo wako, anaejua paka wako wanapojificha, na mmekubaliana kwa mdomo kabisa kwamba kikinuka na mwili umegoma yeye ndo anabeba kreti. Mwambie mapema ukiwa mzima, ukiomba ukiwa unalia kwa maumivu na yeye ana mambo yake anaziba madirisha yake.

Mzee_wa_Ghuba:

Nakazia hapo kwa jirani. Na kurudi pia kuna kazi yake, watu wanafikiri kimbunga kikipita basi. Mbwa asifunguliwe kamba hata kwenye ua wake mwenyewe, uzio unakuwa umelala, nyaya za umeme ziko chini, vioo, misumari, nyoka wamehamia sehemu kavu. Harufu zote anazozijua zimeoshwa kwaiyo anaweza kupotea mtaa wake mwenyewe. Maji yaliyotuama asinywe wala asipite humo, kuna lepto, ile homa ya mgunda, inaingia kwa mbwa na kwa mtu pia. Jenereta iwe nje mbali na nyumba, angalau mita 6, wala sio gereji mlango wazi, ile hewa ya sumu inayotoa, kaboni monoksaidi, haina harufu inaua mtu na paka wake wote wamelala.

Nesi_Tatu:

Na ukirudi PakaWawili usianze kusafisha nyumba siku hiyo hiyo. Mwili ulikuwa unaishi kwa wasiwasi, wasiwasi ukiisha ndo unaanguka, wengi mlipuko wa maumivu unakuja siku mbili tatu baada ya hatari kupita. Weka akilini kabisa kwamba hizo siku ni za kulala, kunywa dawa kwa saa ileile, kutembea kidogo na mbwa kwenye kamba basi. Ukiuma sana usikimbilie dawa kali za familia ya morfini hata kama mtu shelta anakupa, kwenye faibro hazisaidii inavyotakiwa na madhara yake ni mengi.

PakaWawili:

Jamani nimesoma nikiwa nimelala na kreti mbili ziko sebuleni sa hivi 😅 yule mpole kashaingia, mwingine anaiangalia kwa mbali kama ina deni nae. Chipu nimeingia kuangalia, namba ya mbwa ni ya simu ya zamani kweli, nimeshabadilisha nikaweka na ya shemeji anaekaa jimbo lingine. Kaunti nitawapigia kesho asubuhi maana mchana kichwa kinakuwa kizito. Vet, miadi nimepata, nitamuuliza hiyo trazodoni.

Dada_wa_Kasuku:

Samahani kuingilia uzi, na sisi wa ndege? Nna kasuku mmoja ana kelele balaa, hivi shelta atapokelewa kweli?

Vet_wa_Zamani:

Uliza shelta yako, nyingi zinazochukua wanyama zimezoea mbwa na paka, ndege inategemea. Tafuta kizimba kidogo cha safari mbali na kile kikubwa cha nyumbani, mzoeze kukaa humo nusu saa nusu saa, weka kitambaa cha kufunika, akifunikwa giza anatulia na hajipigi mbawa. Badala ya bakuli la maji ambalo litamwagika kwenye gari muwekee vipande vya tunda lenye maji, mkisimama ndo unampa ya kunywa. Kama ana pete mguuni piga picha ya namba. Na mapafu ya ndege ni laini sana, moshi wa jenereta, mishumaa ya manukato, sufuria lisiloshika chakula likiungua, vyote vinaweza kumuua wakati wewe hata hujakohoa, kwaiyo umeme ukikatika mkaanza kupika kwa majiko ya gesi yeye awe chumba cha mbali kabisa.